Ukungu wa Bibi

Juzi nilifungua friji yangu hapa Nizwa, ikanipiga puani harufu ya kuta zilizolowa na udongo wa rutuba. Ilikuwa jibini ya milimani niliyoinunua, imejikalia kwenye karatasi yake, ganda lote limeota manyoya ya kijivu. Nilicheka peke yangu jikoni, maana harufu hiyo kwangu ni bibi yangu mtupu.

Bibi, mama yake baba, alizaliwa Pemba, na Nizwa aliipenda kwa masharti. Tende zake alizisifu, maji ya falaji, mfereji wa mashambani, aliyasifu, kisha akaguna: "Lakini haina ukungu." Kwao, alisema, asubuhi ukungu hukaa baina ya mikarafuu, ukatoka nje usilione hata banda la kuku. Mimi nilizaliwa huku kwenye jua, Kiswahili changu cha utotoni kilikuwa cha kuungaunga, na ukungu sikuwahi kuuona. Nilichoelewa ni kwamba bibi ana kitu anakitamani na hakuna anayemletea. Jambo hilo liliniuma sana.

Basi ami, mdogo wake baba, akarudi safari ya Ufaransa na jibini nzima ya mviringo kutoka milimani. Mama alifungua karatasi, akapiga yowe.

"Yallah, imeota ukungu! Khalas, katupeni hiyo!"

Ukungu! Tena wa mlimani! Niliidaka kabla haijafika pipani, nikaifunika kwa shela yangu, mbio mpaka chumbani kwa bibi.

"Shikamoo bibi. Ukungu wako huu, umekuja."

Bibi alinitazama, akaitazama jibini, akacheka mpaka akashika mbavu. Ami akaingia nyuma yangu anahema, akasema isitupwe, ukungu ule ndio unaoipa ladha. Wenyewe wanaoitengeneza huiweka katika vyumba vya chini ya ardhi na kuipapasa kwa viganja ili manyoya yalale. Bibi akaipapasa. Akainusa.

"Wallahi, yanuka ghala la karafuu wakati wa masika," alisema. "Mjukuu wangu kaniletea kweli."

Tuliila kwa kahawa na tende, mama ameziba pua. Na kila asubuhi, mpaka ikaisha, bibi alinituma nikaiangalie.

"Umepanda ukungu leo?"

"Umepanda, bibi."

"Alhamdulillahi."

Kwamba neno ukungu lina maana mbili, hakuna aliyenambia. Bibi alikuwa ameshafariki nilipokwenda Pemba mara ya kwanza. Asubuhi nilifungua mlango nikakuta weupe umejaa baina ya mikarafuu, banda la kuku la jirani halionekani.

"Leo kuna ukungu," alisema mwenyeji wangu.

Nilisimama kizingitini, macho yakanijaa machozi huku nacheka. Kumbe ndio huu alioutamani, mkubwa hivi, nami nilimpelekea wa kuenea kwenye shela, na akaupokea. Nilitoka nje, nikanyoosha kiganja, nikaupapasa kama alivyoupapasa yeye ule wangu.