Wimbo wa Geti, kutoka Nakuru hadi Uccle

Nilikwenda Brussels kumchukua mwanangu. Nasema hivi mapema kwa sababu kuna watu hapa mtaani wanaoeneza kwamba nilikwenda kutafuta mzungu. Edwin, baba yake Neema, ambaye tuliachana mtoto akiwa bado ananyonya, anafanya kazi ya uuguzi huko. Alimchukua Neema wakati wa likizo ya Agosti, akaahidi kumrudisha shule zikifunguliwa. Shule zilifunguliwa, zikafungwa, zikafunguliwa tena. Kila nikipiga simu: "Amezoea huku, tusimsumbue." Nikimwomba niongee na mtoto, eti amelala, eti yuko kuogelea. Siku nilipomtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, akasema, "Njoo basi. Akikufuata, nenda naye. Asipokufuata, rudi peke yako. Sitamlazimisha mtoto wa miaka mitano."

Nikapata visa baada ya kuzungushwa kama pia. Nikakata tiketi, yangu ya kwenda na kurudi, na ya Neema ya kurudi tu. Hiyo ya Neema niliikunja, nikaificha chini kabisa ya begi.

Hapa lazima niwaeleze kuhusu wimbo, kwa sababu ulinifuata safari nzima. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba. Kila Jumamosi, akiwa nyumbani, alivaa kofia yake pana na kufungulia redio kipindi cha muziki wa kantri. Wimbo wake ulikuwa mmoja: Mmarekani wa zamani, gitaa moja, sauti kama ya mtu mwenye mafua. Dereva anamwambia mkewe asifunge geti, yuko njiani. Mama yangu aliufanya kuwa desturi ya nyumba. Mtu wetu akiwa safarini, komeo halisukumwi; geti linazuiwa kwa jiwe tu. Jioni, mdogo kuliko wote anasimama hapo na kuimba, "Silifungi geti, Baba, njoo hata ukichelewa," akitaja jina la aliye nje. Neema alianza kazi hiyo tangu alipojua kutamka. Edwin, kabla hatujaachana, alikuwa akilicheka lile jiwe. Alisema tunawaalika wezi.

Lakini Baba alikuwa na kawaida ya kuzima redio kabla ya ubeti wa mwisho. Nilikuja kuusikia nikiwa sekondari, Kiingereza changu kikiwa kimetosha. Dereva harudi. Mke anasukuma komeo kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku hiyo wimbo huo naupenda na kuuogopa.

Nairobi, njiani kuelekea uwanja wa ndege, dereva wa teksi alifungulia redio, na ukapigwa huo huo, ule uliotafsiriwa na mpiga gitaa wetu wa Bonde la Ufa. Humo dereva anarudi na mkate na sukari, na mbwa anamrukia. Nilishusha pumzi. Nikajiambia, hii ndiyo dalili. Mtu mwenye hofu hushika chochote.

Asubuhi, Zaventem, uwanja wa ndege wa Brussels, nilipokewa na Maman Sifa. Huyu ni mama wa Bukavu aliyepanga nyumba ya jirani yetu Nakuru miaka ya ukimbizi, kabla ya kupata njia ya Ulaya. Sasa anatunza wazee, na anakaa Ganshoren, mahali pa kimya mpaka unasikia viatu vyako mwenyewe. Alinitazama nilivyotetemeka, akanivika koti lake refu, skafu, na kofia ya sufu iliyonifika kwenye nyusi.

"Sasa uko muntu wa hapa," akasema. "Bon, kula kwanza. Kulia tutalia kisha."

Nilipokuwa nakula nilimsikia jikoni akiimba. Wimbo wa geti! Alijifunza kwenye kwaya Bukavu. Huko geti ni la mbinguni, na msafiri ni marehemu.

"Maman Sifa, tafadhali, usiimbe huo."

"Sababu gani? Ni wimbo yetu ya kanisa. Baba yako njo aliiba, akatia malori."

"Ni wa Mmarekani."

"Mmarekani naye aliiba!" Akacheka, kisha akaona uso wangu. "Mwanangu, unaogopa nini? Mutoto hawezi kusahau mama yake."

"Anaweza. Ni mwaka mzima."

Alinijazia sahani. Sahani ile iliniogopesha kuliko maneno ya Edwin.

Siku iliyofuata, kabla ya kwenda kwa Edwin, tulipita Chaussée de Wavre, barabara ya maduka ya Waafrika, nimnunulie Neema gauni la kitenge. Duka la kwanza tu, muuzaji, kijana wa Lubumbashi mwenye mdomo, alikuwa amewasha spika. Rumba. Nilitambua baada ya mistari miwili: geti tena, safari hii na magitaa matatu na wasichana wa kuitikia.

"Humu anarudi?" nikamuuliza.

"Nani, maman?"

"Mwenye wimbo. Anarudi nyumbani?"

"Ah, anarudi sana! Anakuta viatu ya bwana mwingine ku mulango." Akapiga kofi kwa furaha. "Njo sababu watu wanacheza."

Maman Sifa alicheka mpaka akashika meza. Mimi niliondoka na gauni bila kungoja mfuko.

Mchana, Uccle, mtaa anaokaa Edwin. Huko miti ni mingi kuliko watu, na watoto wa mataifa yote wanatoka shule na mabegi makubwa. Tulifika mapema, tukaingia mkahawa kujipasha joto. Sikutaka kuamini masikio yangu: redio ya kaunta, kinanda cha mkono, mzee anaimba kwa Kiflamandi, lugha yao nyingine, na wimbo ni ule ule. Nikamshika Maman Sifa mkono nikamwomba amuulize mwenye mkahawa, yule mtu anarudi au harudi? Waliongea Kifaransa kwa muda.

"Anasema hajui," Maman Sifa akanitafsiria. "Miaka yote iyi, ikifika pale mwisho, yeye iko anacheza na muke yake. Hawajasikiliza hata siku moja."

Tukatoka.

Nyumba ya Edwin ina mlango wa kijani unaotazama barabara. Ulikuwa wazi kidogo, na pale chini, kati ya mlango na fremu, palikuwa na buti dogo jekundu. Baridi yote ile inaingia ndani! Nikasema moyoni, hata mlango hajui kufunga, ndiye anayelea mtoto wangu.

Edwin alitoka. Amekonda, macho ya mtu wa zamu za usiku. "Umefika," akasema. "Shikamoo, mama," akamwambia Maman Sifa.

"Marahaba, papa. Mutoto iko wapi?"

Alikuwa nyuma ya kochi. Amerefuka. Meno mawili ya mbele hayapo. Akatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema taratibu, kama mtoto aliyefundishwa adabu, "Bonjour, mesdames."

Mesdames, yaani mabibi, kama wageni wengine. Hapo ndipo nilipojua hofu ni kitu gani. Yote ya nyuma yalikuwa mazoezi.

Nilikuwa na kitu kimoja tu. Nikapiga magoti kwenye zulia, nikaimba, na sauti yangu ikatoka mbaya: "Silifungi geti, Neema, njoo hata ukichelewa."

Akakunja uso. Kama mtu aliyeona kosa na hajui amwambie nani.

"Umeona?" Edwin akasema polepole. Hakusema kwa ubaya, na hilo lilinikasirisha zaidi. "Nilikwambia." Akaenda mlangoni, akalisogeza lile buti kwa mguu, akausukuma mlango ufungike.

Neema alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia. "Non! Papa, usifunge! Mama bado!" Akamrukia baba yake miguuni, akalirudisha buti pale pale. Kisha akasimama mbele ya ule mwanya, mikono ubavuni kama alivyofundishwa na bibi yake, akaimba kwa r za Kifaransa: "Silifungi geti, Mama, njoo hata ukichelewa."

"Kila siku hivyo," Edwin akasema, amechoka. "Wimbo nilidhani ni mchezo wake tu. Daktari anasema ni hofu ya kufungiwa. Majira yote ya baridi nimekaa hapa na koti."

Maman Sifa akaweka mkono mdomoni.

Na mimi nikaelewa kosa langu. Mwenye safari haimbi! Haujawahi kuimbwa hivyo nyumbani kwetu hata siku moja. Anayengoja ndiye huimba. Aliye njiani kazi yake ni kufika. Nilikuwa nimeimba sehemu ya mtoto wangu mbele yake, nimefunikwa sufu mpaka nyusi.

Nikavua kofia. Nikavua skafu na koti. Nikatoka nje ya mlango ule, nikasimama barabarani kwenye baridi, kisha nikaingia, kimya, kama Baba alivyoingia akitoka Malaba.

Neema alinitazama nywele, akanitazama uso.

"Mama," akasema, "umechelewa."

Akainama, akalitoa lile buti mlangoni, akalivaa.

Edwin alikaa kwenye ngazi. "Kumbe ni wimbo wenu wa lori," akasema, na akafunika uso. Baadaye akaleta begi la mtoto, akalipanga vizuri, soksi kwa soksi. Alitimiza neno lake. Hilo nampa, na hilo tu.

Jioni ya kurudi, Nakuru, geti letu lilikuwa limezuiwa kwa jiwe. Baba alitoka, akaivua kofia yake. Neema alimkumbatia, akamwachia, akaenda moja kwa moja getini. Akaliviringisha jiwe kando, akashika komeo kwa mikono miwili na kulisukuma mpaka mwisho. Sauti ya kile chuma! Niliingoja mwaka mzima.

Kisha akasimama, anafikiri. Akalivuta tena.

"Papa bado," akasema.

Nilifungua mdomo nimweleze yule mtu ni mtu wa namna gani. Maneno nilikuwa nayo, tele, nilikuwa nimeyabeba kutoka Ulaya. Lakini nilikwishaona ule wimbo ukiimbwa kila namna, na kila mwimbaji akiukata pale anapotaka yeye. Wa mwanangu sina haki ya kumkatia.

Nikainama, nikalirudisha jiwe mwenyewe. Yeye akaanza kuimba.