Shanga Sita za Ampaya wa Chang'ombe

Saa tatu asubuhi, Jumapili. Misa ya kwanza imekwisha, na nyuma ya nyumba moja ya Chang'ombe mama aliyejifunga kanga kiunoni anakimbia hatua chache, anampita mumewe, anavurumisha gunzi la mahindi kuelekea ndoo iliyopinduliwa upande wa pili wa ua.

Mume hatikisiki. Amesimama wima, koti jeupe limemfika magotini ingawa jua limeshaanza kuchoma, mkono wa kushoto umezama mfukoni. Macho yako kwenye nyayo za mkewe.

"Baba Filomena, dagaa leo tununue kwa nani?" mama anauliza huku anaokota gunzi jingine.

"Kwa yule wa kona. Wa sokoni wana mchanga."

Gunzi linakwenda. "Na fundi cherehani mbona hajaleta gauni la mtoto?"

"Kasema kesho. Na jana alisema kesho."

Mama anarusha tena, anauliza tena, mara habari za shangazi wa Ndanda, mara bati linalovuja. Mume anajibu yote, bila haraka. Kisha, katikati ya swali kuhusu chumvi, anasema neno moja: "Ova."

Mwandishi wa habari hizi alikwenda mwenyewe kuyaokota magunzi kwenye ndoo. Yalikuwa sita. Walirudia zoezi lile mpaka mama akachoka bega, na kila mara mzee yule alisema "ova" pale pale panapotakiwa. Ukweli ni kwamba nilitafuta kosa kwa bidii, nikalikosa.

Huyu ndiye Marselino Chilumba, seremala wa karakana moja ya hapa Chang'ombe, Mmwera wa Ndanda. Siku za kazi hutengeneza milango na viti. Jumapili mchana huvaa koti jeupe akawa ampaya wa kriketi, yaani mwamuzi. Halipwi kitu. Anapewa chai na mkate wakati wa mapumziko, na koti lenyewe hulifua mkewe, Mama Filomena.

Wasomaji wasioujua mchezo huu watavumilia kidogo. Mrushaji humtupia mpigaji mipira sita, na mipira hiyo sita ndiyo huitwa ova. Ikitimia, anakuja mrushaji mwingine kutoka upande wa pili. Anayehesabu ni ampaya peke yake, na hesabu yake ndiyo sheria hata akikosea. Wakati huo huo lazima aone mguu wa mrushaji haukuvuka mstari, mpira umeangukia wapi, umegusa nini. Mtu mwenye kazi kama hiyo hana nafasi ya kuhesabu vidole.

Marselino aliingia katika mchezo kwa mlango wa nyuma. Klabu moja ya Wahindi ilimpa kazi ya kuchonga vile vijiti vitatu vinavyosimamishwa nyuma ya mpigaji, ambavyo mpira ukiviangusha mpigaji ametoka. Alipovipeleka akabaki kutazama vinatumikaje.

"Nikaona watu wazima wanabishana kutwa kwa ajili ya vijiti vyangu," anasema. "Nikajiambia, hapa pana jambo. Kila Jumapili nikawa nipo. Nikauliza, nikauliza tena, wakanichoka. Siku ampaya wao alipougua, wakaniambia haya, wewe muulizaji, vaa koti."

Tangu siku hiyo alihesabu kwa komwe, zile kete za kijivu za kuchezea bao. Komwe sita katika mfuko wa kulia, na kila mpira ukirushwa komwe moja inahamia mfuko wa kushoto. Mfuko wa kulia ukiwa mtupu, ova imekwisha. Vidole vya mcheza bao havihitaji macho, na kwa miaka Marselino hakukosea hata mara moja.

Mpaka mwezi uliopita.

Siku hiyo timu ya Karakana ilikuwa inacheza na timu ya Gati, vijana wa bandarini. Baada ya chai, mpira wa mwisho wa ova ukavunja vijiti vya Jabiri, nahodha wa Gati na mpigaji wao hodari kuliko wote. Jabiri alikuwa ameshaanza kutoka uwanjani, mwandika alama alipopiga kelele kwamba mipira ilikuwa saba.

Marselino alitoa komwe mfukoni, akafungua kiganja mbele ya watu wote. Zilikuwa saba.

Kwa sheria Jabiri alibaki ametoka, na Gati wakafungwa. Ila maneno ya mtaani hayana sheria. Ampaya ni mtu wa Chang'ombe, wakasema, anafanya kazi karakana, na waliofaidika ni Karakana. Jumamosi jioni watu walikaa barazani wakimjadili seremala wa watu, na wengine walisema wizi moja kwa moja, mkewe akipita na ndoo ya maji anasikia.

"Nililia," anasema Mama Filomena. "Siku ile sikuona haya kulia. Mwizi, huyu? Huyu akiokota msumari wa mtu anaurudisha."

Kamati ya mchezo ilimwita. Wakamwuliza ile komwe ya saba ilitoka wapi. Akajibu, "Mfukoni mwangu."

Alijua zaidi ya hapo. Mtunza uwanja anaitwa Kasiani, Mngoni wa Songea, na Wangoni na Wamwera ni watani. Wakati wa chai koti lilikuwa limetundikwa kwenye mlango wa banda la vifaa. Kasiani alipita, akatia komwe, akaenda kukaa mahali pazuri ili amcheke mtani wake akibabaika. Hakufikiri kwamba mpira ule ungekuwa wa Jabiri.

"Nilitaka niende kwenye kamati mwenyewe," anasema Kasiani, mtu mrefu mwenye sauti ya kichwa cha treni. "Mmwera huyu akanikataza. Andika, bwana, andika na jina langu. Wamwera wote wajue kwamba tuliwapiga zamani na bado tunawapiga."

Nilimwuliza Marselino kwa nini hakusema. Alinitazama kama niliyeuliza kwa nini watu hunawa mikono kabla ya kula.

"Mtani wangu nitamshtakije? Akifa mie ndiye nitakayelala kwenye jeneza lake na kudai nilipwe ndipo azikwe. Halafu koti nilivaa mie. Ningezihesabu kabla ya kurudi uwanjani, zingekuwa sita. Sikuhesabu. Mkono uliringa."

Kamati ikaamua hivi: Karakana na Gati wangekutana tena kugombea kombe la mwaka, na Marselino atasimama, kwa sharti kwamba achague chombo cha kuhesabia ambacho manahodha wote wawili watakishika na kukikubali. Hesabu ikikosewa tena, koti anavuliwa, na havai tena maisha.

Ndiyo maana ya magunzi yale.

Kwanza alijaribu mashine ya shaba. Jirani yake anayehesabu magunia bandarini alimwazima ile ya kushika kiganjani, ukibonyeza inalia ka, tarakimu inageuka. Chombo kizuri, kinang'aa, na Kasiani aliipenda akaibonyeza mpaka ikafika mamia. Marselino aliitumia siku mbili uani, akairudisha na shukrani.

"Ikifika sita haisimami, inakwenda saba, nane, yenyewe haina habari," anasema. "Kwa hiyo lazima niitazame. Nikiitazama sioni mguu. Mke wangu alivuka mstari nikiwa nimeinamisha kichwa, akanicheka."

Akajaribu mawe ya mtoni, akayaacha, maana jiwe la saba ni rahisi kupatikana kuliko komwe ya saba. Ndipo akaingia karakanani wakati wa mapumziko ya mchana, akachukua kipande cha mpingo alichokuja nacho kutoka kusini na ambacho hajawahi kupata sababu ya kukikata.

Alinikabidhi kitu kile na mie nikakigeuza geuza nisiamini. Ni shanga sita, kila mmoja ukubwa wa harage, zimetungwa katika uzi wa kushonea viatu uliopakwa nta, kwa hiyo ushanga ukisukumwa unakaa ulipowekwa. Ncha zote mbili zimefungwa kwa fundo lililogandishwa kwa gundi ya mbao. Huwezi kuongeza ushanga mpaka ukate uzi.

Hilo peke yake lingetosha. Lakini fumba macho, ukipapase. Ushanga wa kwanza ni laini mtupu. Wa pili umezungushiwa mfuo mmoja, wa tatu miwili. Wa nne ni wa pembe nne. Wa tano una ncha inayochoma kidogo. Wa sita una kishimo kinachoingia ncha ya kidole gumba, na kidole kikiingia humo unajua umefika. Marselino hahesabu, bwana. Mkono unasoma. Nilijaribu mwenyewe nikakwama kwenye mfuo wa pili, na Mama Filomena akaniambia kwa upole kwamba vidole vyangu vimelegezwa na kalamu.

Nimeandika habari za watu wengi katika gazeti hili. Sikumbuki lini nilishika kitu kidogo namna ile nikachelewa kukirudisha.

Saa nane mchana uwanja umejaa. Makuli wa gati wamekuja na ngoma, mafundi wa karakana wamekuja na mabati. Manahodha wanaitwa katikati. Nassibu wa Karakana anakitazama kile chombo, anacheka.

"Hii si rozari? Watu watasema ampaya anaomba tufungwe."

Jabiri hacheki. Anakichukua, anavuta uzi kwa nguvu zake zote, haukatiki. Anafumba macho, anapapasa ushanga kwa ushanga, polepole sana, watu wanaanza kunung'unika jua kali. Anamrudishia Marselino.

"Sawa, ampaya," anasema, basi.

Mchezo ukaenda mpaka ova ya mwisho waliyokubaliana, jua limeshashuka nyuma ya mapaa ya karakana. Gati wanahitaji mikimbio mitatu, yaani alama tatu, washinde. Anayepiga ni Jabiri. Moyo wangu, nakiri, ulikuwa unapiga mabati pamoja na mafundi.

Katikati ya ova ile wapigaji wawili walikimbia bila kuelewana, mmoja akaponea chupuchupu, uwanja ukalipuka. Katika kelele hizo ni wachache waliomwona Marselino amenyoosha mkono wa kulia: mrushaji alikuwa amevuka mstari. Mpira kama huo ni haramu, hauhesabiwi. Mwandika alama alimpungia karatasi kuonyesha ameona.

Ikarushwa mingine. Kisha Karakana wote wakaruka juu. Ova imekwisha, wameshinda. Mabati yakalia, vijana wakavamia uwanja. Mie nami nilikuwa nimehesabu sita, ningeapa mbele ya padri.

Marselino akainua mkono. "Bado mmoja."

Sijui niielezeje kelele iliyofuata. Watu wake mwenyewe, wanaokula naye chakula cha mchana karakanani, walimzunguka. Nassibu alimwonyesha vidole sita usoni. Mmoja alimwuliza kama Gati wamemnunua. Yeye alisimama, koti likimpwaya, mkono mfukoni, kidole chake gumba kiko juu ya ncha inayochoma ya ushanga wa tano na bado hakijafika kwenye kishimo.

"Ule mmoja ulikuwa haramu," alisema, sauti ile ile ya kujibu habari za dagaa. "Bado mmoja. Rudini nje."

Walirudi. Kwa nini walirudi, mpaka sasa sijaelewa vizuri. Nadhani ni kwa sababu hakuwa na hasira wala hofu, na mtu wa namna hiyo ni vigumu kumsukuma.

Mrushaji akaja, Jabiri akainua gongo, akalizungusha kwa nguvu zote. Vijiti vilianguka nyuma yake.

Ova imekwisha, Karakana wameshinda. Mpira wa saba kurushwa, Jabiri tena, vijiti tena. Gati walianza kusogea mbele, na Kasiani kule bandani alikuwa ameshika kichwa. Jabiri alikuja moja kwa moja kwa ampaya, gongo kwapani. Niliogopa, sifichi.

"Huu ulikuwa wa sita," alisema, kwa sauti ya kusikika na watu wake. "Nimehesabu na mie." Akampa mkono.

Marselino aliupokea kwa mikono miwili. Macho yalikuwa yamejaa, na wala hakuyafuta.

Jioni, barazani kwake, wale waliokuwa wanapita bila salamu walikuja kunywa chai. Ampaya wawili, mmoja wa Kinondoni na mmoja wa Tandale, wameomba awatengenezee shanga kama zile. Marselino anasema anataka kwanza wamletee mikono yao aipime, maana kidole cha mtu si cha mwenzake. Mpingo ukibaki, atatengeneza na nyingine, ya Jabiri. Kijana amemwambia kwamba mwakani, magoti yakikataa kukimbia, atataka naye kuvaa koti, na Marselino ameshamwambia aanze kwa magunzi.

Mama Filomena akachukua koti ili aliloweke. Akaingiza mkono katika mfuko wa kushoto, ule ule uliokuwa na shanga, akatoa komwe moja ya kijivu.

Kasiani, aliyekuwa anakunywa chai kwa heshima zote, akatazama pembeni.

"Ilikuwamo tangu lini?" nikauliza.

"Tangu ova ya kwanza," akasema Marselino. "Niliikuta mle nilipoingiza mkono. Nikaiacha ikae, mtani asije akaona nimemkasirikia."