Kikombe Chenye Kilima

Baada ya mahafali nilianza kukosa usingizi kwa sababu ya picha. Katika kila picha niliyopigwa pamoja na mama siku ile, mimi na joho la kukodi, yeye na kitenge chake cha kanisani, mama haniangalii. Anatabasamu, ndiyo, lakini macho yake yako kando ya bega langu, kama anamtazama mgeni aliyesimama nyuma yangu. Nilizikuza moja moja kwa vidole. Nilijiambia ni jua. Nilijiambia ni kosa la mpiga picha, aliyekuwa akipiga kelele “Huku, mama, huku!” mpaka akamchanganya. Kisha nikajiuliza nisichotaka kujiuliza: je, mama aliniona nikipita jukwaani, au alisikia tu?

Mimi ni mtu wa kufikiri mpaka jambo lichakae. Salamu ya asubuhi naweza kuichambua hadi jioni. Lakini safari hii shaka yangu sikuiokota hewani. Ilikuwa na mzizi, na mzizi wenyewe ulikuwa kazi ya darasani.

Nilisoma biashara katika chuo kikuu Mbarara, na katika masomo yote nilipenda moja kuliko mengine: uhasibu wa menejimenti. Uhasibu mwingine huwaonyesha watu wa nje mwaka ulivyokwenda. Huu humsaidia mwenye kazi kuamua kesho afanye nini, aendelee au aache, atengeneze mwenyewe au anunue. Kwa mtu mwenye wasiwasi kama mimi, somo hilo lilikuwa kama dawa. Hatimaye kulikuwa na njia ya kufikia uamuzi, na njia hiyo ilifundishika.

Mwaka wa mwisho mhadhiri wetu alimtuma kila mmoja atafute biashara ya kweli, apime ilichopaswa kutumia na ilichotumia, kisha aeleze tofauti. “Tofauti haijielezi yenyewe,” alisema. “Nendeni mkaulize imetoka wapi.” Wenzangu walikwenda kwenye hoteli za wajomba zao na mashamba ya ng’ombe ya baba zao. Mimi nilikwenda nyumbani Juru, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye meza ya mama.

Mama anauza maharage. Tumetoka Kivu ya Kusini. Baba alibaki huko, kaburini. Tangu tufike mama analima maharage yake, ananunua na ya majirani, anayauza sokoni kwa kikombe cha plastiki. Kikombe hujazwa, hupangusiwa kiganja juu kikawa sawa, kisha mnunuzi hupewa matabishi, yaani zile punje za ziada, kwa mkono, za kumwambia rudi tena. Kwetu, muuzaji asiyetoa matabishi anaweza kuwa na maharage mazuri kuliko wote na bado akashinda na nzi wake.

Nilikaa kando yake nikapima na kuandika. Gunia liliisha kabla halijatoa vikombe lilivyopaswa kutoa. La pili vilevile. Kikombe cha mama hakikupangusiwa tena. Kilikuwa na kilima juu, na juu ya kilima bado aliweka matabishi.

“Mama, unapoteza maharage.”

“Sipotezi kitu. Ni matabishi.”

“Matabishi kabla ya matabishi?”

Jirani yake wa meza, mama wa Kirundi anayeuza unga wa muhogo, alicheka mpaka akashika kiuno. “Mwache, Kontable! Unataka watu wamukimbie mama yako? Mimi mwenyewe nina maharage nyumbani, na nanunua kwake.”

Kontable, yaani mhasibu kwa Kifaransa cha kwetu, ndilo jina walilonipa sokoni tangu nianze chuo. Wengine walinipigia saluti nikipita, kana kwamba ni konstebo wa polisi.

Basi nikaandika: matumizi yamezidi kipimo, sababu ni ukarimu wa muuzaji. Mhadhiri aliisoma mbele ya darasa, akasema hii ni kazi ya mtu anayewajua watu wake. Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima.

Ndicho nilichokikumbuka nilipokuwa nazitazama zile picha. Kile kilima.

Nikaenda Juru bila kumwarifu. Nilikuta soko limechangamka, nikasimama mbele ya meza yake, upande wake wa kushoto, kimya. Mama alikuwa na mteja. Alitafuta mdomo wa gunia kwa mkono, akachota, akamimina kwenye kikombe, akainamisha kichwa. Akaendelea kumimina. Punje zikapanda, zikafanya kilima, zikaanza kudondoka pembeni kwenye sahani ya bati aliyoweka chini ya kikombe. Hapo ndipo alipoacha.

Alikuwa anasikiliza. Kwake kikombe kilijaa pale bati lilipolia.

Nilikuwa nimesimama mbele ya mama yangu, na mama yangu hakuniona. Mama wa Kirundi aliniona. Safari hii hakucheka. Aliinama akajifanya anafunga mfuko wa unga uliokuwa umefungwa tayari, nami nikaelewa kwamba yeye alijua, na kwamba pengine soko zima lilijua.

“Mama,” nikasema.

Akageuka haraka, uso umejaa furaha, akalitazama bega langu. “Eeh, mwana wangu! Umetokea fasi gani?”

Jioni, akipepeta mchele kwa mazoea ya mikono tu, nilimuuliza kwa nini hapangusi kikombe kwa kiganja. Hakujifanya hajaelewa. “Nikipangusa vibaya, nitapunguza. Mutu atasema nimemwiba. Heri niongeze.”

Nilimpeleka Mbarara, hospitali ya misheni pale Ruharo. Daktari, mama mmoja mpole, alimpima kwa muda mrefu, kisha akazungumza nami kwa Kiingereza kwa kuwa mama hakijui. Nikawa mkalimani, kama walivyo watoto wote wa makazini tangu wakiwa wadogo. Alisema ni presha ya macho. Hula uoni kuanzia pembeni, polepole, bila maumivu. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilibakiza tundu katikati, kama la mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilichopotea hakirudi, alisema; tunapigania kilichobaki. Matone ya dawa kila siku bila kukosa, na awepo mtu wa kuhakikisha tone linaingia jichoni, lisiishie shavuni.

Kilichopotea hakirudi. Darasani tuliita gharama iliyozama. Mashine ya zamani, hata kama uliinunua kwa jasho, usiitie katika uamuzi wa kesho, kwa kuwa imekwisha kuzama. Kwenye mtihani nilikuwa nimelijibu swali hilo kwa raha, kwa mwandiko mzuri. Sasa nilitakiwa kulijibu kwa Kiswahili, kwa mama.

“Amesema dawa itasaidia,” nikasema.

Mama akangoja. “Yeye amesema maneno mingi. Weye unaniletea kidogo.”

“Ndiyo hayo, mama.”

“Haya.” Akanipapasa mkono, kama ni mimi niliyekuwa mgonjwa.

Wakati huo nilikuwa nimeshapata kazi. Kampuni moja ya maziwa hapo Mbarara ilikuwa imenipa nafasi katika ofisi ya gharama, nianze Jumatatu. Nafasi kama hiyo, kwa mtoto wa makazini, watu huifungia saumu na kuiombea kanisani. Nikaanza kufanya nilivyofundishwa. Nikiichukua, nani atamtilia matone? Mama wa Kirundi? Naye mikono yake hutetemeka. Nikiiacha, nitaipata tena? Nikimleta mama akae nami? Hilo la mwisho nilimuuliza, tukiwa tumekaa kwenye kitanda cha chumba nilichopanga.

“Hapa?” Akageuza kichwa huku na huku, akitafuta kuta. “Kule Juru miguu yangu inaona. Najua njia ya maji, najua kanisa, najua meza yangu. Hapa nitakuwa kipofu wa kweli.”

“Basi nitarudi mimi.”

“Urudi kufanya nini? Kuuza maharagi na diplome yako? Batu batanicheka. Batasema huyu mama amesomesha mutoto ili amubebee gunia.”

“Waseme.”

“Weye hauna akili!”

“Mama,” nikasema, “ile siku ya mahafali, uliniona?”

 Angeweza kunidanganya, nilimwachia nafasi, nikageukia dirishani.

“Niliona manguo nyeusi mingi inapita,” akasema. “Sikujua weye ni gani. Nikapigia bote vigelegele, ili ya kwako isikose.”

Nilivikumbuka vile vigelegele. Nilikuwa kwenye mstari, nikisubiri jina langu, nikaona haya. Mama gani huyu, nilijiuliza, anashangilia watoto wa watu?

Sikulia mbele yake. Nilikwenda kusimama kwenye bafu la wapangaji, nikafungua bomba.

Nilifundishwa pia kwamba faida unayoiacha ili upate nyingine nayo ni gharama. Niliweka kazi ya maziwa upande mmoja. Upande wa pili nikaliweka lile tundu, na ndani yake uso wangu, na siku ambazo bado ungeweza kuonekana. Nilijaribu kupanga, nikageuza, nikaanza upya. Vitu hivyo viwili havikukubali kipimo kimoja. Kwa mara ya kwanza maishani niliamua kabla sijamaliza kufikiri.

Asubuhi nilipiga simu ofisini. Dada aliyepokea aliuliza kama nimepata kazi iliyo bora zaidi. Nikasema hapana. Akangoja nieleze, na mimi, ninayejua kueleza hata nisichoulizwa, sikueleza. Akasema sawa, wataita mwingine.

Siku ya soko nilikaa mezani Juru. “Kontable amepata ofisi!” mama wa Kirundi alipaza sauti, na watu wakacheka, lakini aliposogea karibu alinibana bega kwa nguvu. Mama hakucheka. Tangu nimwambie kwamba nimepiga simu alikuwa hasemi nami ila la lazima. Nilimtilia tone, nikamfuta shavu, akaniachia uso wake kama mtu anayelipa deni.

Mteja akaja. Nilichota mimi, nikajaza, nikapangusa kwa kiganja mpaka kikawa sawa. Kisha nikasogeza gunia. Mama akatia mkono, akatoa matabishi yake, akayaweka juu ya kikombe bila kumwaga.

Halafu akageuza kichwa, polepole, kidogo kushoto, akarudisha kidogo, kama anayetafuta stesheni ya redio, mpaka lile tundu likanipata. Akanitazama.

“Umekonda,” akasema.