Nilivyompeleka Mzee Kenneth Kwao Uskoti

Siku yangu ya kwanza kazini huko Texas, mwaka wa 2017, nilifika kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule DeSoto nikiwa nimevaa gauni jeupe lililopigwa pasi likanyooka, na viatu vyeusi vya ngozi. Hivyo ndivyo nilivyovaa miaka yangu yote ya uuguzi katika hospitali ya wilaya huko Kenya, na sikuona sababu ya kubadilisha. Wenzangu wote walikuwa na suruali za bluu na raba. Mzee mmoja aliyekuwa akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu alivua kofia akaomba nimwombee. Alidhani mimi ni sista wa kanisa. Nikamwombea. Muuguzi Mkuu, mama wa Kisii aliyekuwa ameishi Texas miaka mingi, alicheka hadi akashika ukuta.

"Mama Njeri, hiyo dress ni smart kabisa, lakini na hivyo viatu uta-slip kabla ya lunch," aliniambia. "Kesho uje na raba. Hapa kazi si kuzunguka na daktari. Hapa tunainua watu."

Nilikuwa nimepita miaka sitini. Binti yangu Njeri, ambaye pia ni muuguzi, alikuwa amenileta kwake Cedar Hill nimlelee mtoto, mtoto akaanza shule, nami nikabaki nikitazamana na mashine ya kuosha vyombo. Vyeti vyangu vya Kenya havikufaa kitu bila mitihani mipya, na mitihani sikuitaka tena. Nikasoma kozi fupi nikawa msaidizi wa muuguzi. Kuanza upya chini ya watu wa umri wa binti yangu kuliniuma, sitawaficha, lakini kukaa bure kungeniuma zaidi.

Nyinyi mnaoanza kazi hii sasa mna vitanda vinavyojiinua. Sisi pale DeSoto tulitumia migongo. Kila saa mbili ulimgeuza mgonjwa ubavu, asipate vidonda vya kulalia, vile vinavyoanza kwa wekundu kidogo kwenye nyonga na kuishia kuonyesha mfupa. Mwenye kutembea ulimfunga ukanda mpana kiunoni, ukashika ukanda na si mkono, maana mkono wa mzee huteguka upesi. Asiyeweza kutembea kabisa, na kiti hakipiti, tulimbeba wawili kwa mikono minne: kila mmoja anashika kifundo cha mkono wake mwenyewe na cha mwenzake, mgonjwa anakaa juu yake na kuwakumbatia mabega. Na njia nzima unamwongelesha. Akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, hapo hapo mnasimama.

Lakini somo kubwa la Muuguzi Mkuu halikuwa la kuinua. Palikuwa na bibi mmoja aliyeuliza kila asubuhi mumewe atakuja lini, na mumewe alikuwa amekufa zamani. Wasichana wa zamu walimjibu, "Anakuja, yuko njiani." Siku moja Muuguzi Mkuu aliwasikia akatuita wote.

"Huyu si mtoto," alisema. "Asipouliza, mnyamaze, hakuna mtu amewatuma kuhubiri. Lakini aki-ask, mta-answer ukweli, polepole, na mtakaa naye mpaka atulie. Ukishindwa kukaa naye, basi hii kazi si yako."

Mwaka wa 2018 nikapelekwa Katy, magharibi ya Houston, kumtunza mtu mmoja nyumbani kwake. Nilikuwa nikikaa huko majuma mawili, narudi Cedar Hill kwa basi kupumzika, kisha tena Katy. Mgonjwa wangu aliitwa Kenneth. Alikuwa na zaidi ya miaka themanini, mjane, moyo wake ulikuwa dhaifu na magoti yamechoka. Nilimwita Mzee, nikamweleza kwamba kwetu ni jina la heshima, akalipenda. Aliishi na mwanawe, mhandisi wa mafuta, pamoja na mke wa huyo mhandisi na binti yao wa miaka kumi na miwili. Mhandisi ndiye aliyekuwa bosi wangu, na alikuwa bosi mzuri, ila alizungumza nami kana kwamba kila neno ni maagizo ya mtambo.

Sebuleni palitundikwa picha ya nyumba ya mawe katika bonde la kijani, huko Uskoti, kaskazini kabisa. Ukoo mzima uliiita "nyumba yetu". Nyanya wa baba yake Mzee alitoka bonde hilo akiwa msichana, akavuka bahari na watu wake, na miaka mingi baadaye jamaa mmoja alirudi kutembea akaipiga picha ile. Mzee aliitazama akinywa chai, akaitazama nikimpima presha. Daktari alipomwambia kwamba moyo wake hautafika mbali, alisema anataka jambo moja tu: aiguse nyumba ile kwa mkono wake. Mhandisi alibisha mwezi mzima, kisha akakubali shingo upande. Hakuweza kuacha kazi, kwa hiyo akanituma mimi.

"Mama Njeri," aliniambia, "kiti cha magurudumu kinapoishia, na baba anaishia hapo."

Tulikwenda kiangazi cha 2019. Mhandisi alikuwa ametutafutia mwongozaji, mama wa makamo aitwaye Morag, mzaliwa wa bonde la jirani. Nilitegemea mtu wa kutuonyesha mahali pa kupiga picha. Lo! Yule mama alisoma ardhi kama mimi ninavyosoma ulimi wa mgonjwa. Aliendesha gari polepole, akatuonyesha matuta ya shamba la kale chini ya majani, akatufundisha kwamba penye nyasi zenye vishungi vyeupe kama pamba usikanyage, maana chini ni udongo mweusi uliolowa, unaweza kumeza mguu hadi paja. Mvua ilikuja na kuondoka mara kadhaa kabla ya mchana. Ilipokatika, visubi wakatuingia puani na masikioni. Mimi mtoto wa Molo kule Kenya, niliyekulia kwenye ukungu na kondoo, nilijiona nimerudi kwetu. Mzee alikuwa anacheka peke yake kiti cha nyuma, na sikuwahi kumwona akicheka hivyo Katy.

Mzee alipolala, Morag alisimamisha gari kando ya barabara akaniashiria tushuke.

"Ile nyumba ya kwenye picha yao si ya watu wake," alisema. "Ilijengwa na tajiri wa kondoo aliyepewa bonde baada ya watu kufukuzwa. Watu wake ndio waliofukuzwa. Nyumba zao zilichomwa. Misingi iko juu kule, nyuma ya shamba. Mimi kazi yangu ni kuonyesha njia. Wewe ndiye unayemjua. Nimwambie au nimwache?"

Kumwacha kulikuwa rahisi: nyumba iko karibu na barabara, kiti kinafika, Mzee anaigusa, tunarudi na furaha yake nzima. Kumwambia kulikuwa ni kumnyang'anya mzee wa moyo mbovu kitu alichokitazama maisha yake yote, tena maelfu ya maili mbali na daktari wake. Nikamjibu Morag kwamba asipouliza tutanyamaza, akiuliza tutajibu. Nilimwomba Mungu asiulize.

Tulifika. Nyumba haikuwa na paa tena lakini kuta zilikuwa imara, ndefu, na madirisha makubwa. Nilimfunga ukanda, akasimama kutoka kwenye kiti, akaweka viganja vyote viwili kwenye jiwe la mlangoni akalia. Nami nililia. Kisha akaanza kuhesabu vyumba kwa kidole, na nikaona uso wake unabadilika. Alifanya kazi ya ujenzi maisha yake yote. Alijua nyumba inasema nini.

"Morag," alisema, "hii ni nyumba ya mtu mwenye mali. Nyanya wa baba yangu alifika Amerika bila viatu. Mbona waliiacha?"

Morag aliniangalia. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akamjibu, polepole, bila kutia chumvi na bila kupunguza: kodi, barua ya kuondoka, moto juu ya paa za nyasi, kondoo. Mzee alisikiliza akiwa ameondoa mikono ukutani. Nilishika kifundo cha mkono wake kupima mapigo. Yalikuwa ya haraka lakini yanafuatana vizuri.

"Ziko wapi?" aliuliza. "Zao."

Morag akaonyesha juu. Kiti kisingepita hata hatua mbili. Nilimkumbuka Mhandisi na maagizo yake, nikajua nikimrudisha Mzee garini sasa, atakufa akiwa hana hii wala ile. Nikapiga moyo konde. Niliweka dawa yake ya chini ya ulimi mfukoni mwangu tayari, nikashika ukanda, tukaanza. Nilimtaka anisimulie siku aliyooa. Alifika kwenye mlo wa harusi, sentensi ikakatika, tukasimama. Akaendelea, ikakatika tena. Mara ya tatu nilimfundisha Morag mikono minne pale pale kwenye majani yaliyolowa, tukambeba. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri, na Morag alikuwa na nguvu za mtu aliyezoea kubeba kondoo.

"Bado kidogo," Morag alisema akihema. "Mawe yamefunikwa, lazima tutafute—"

"Pale," nikasema.

Kwenye ubavu wa kilima palikuwa na kichaka cha kijani kilichokolea kuliko nyasi zote. Thabai, majani yale yanayowasha. Nyinyi mmeila imepondwa na viazi, lakini mama yangu alinionyesha kazi yake nyingine nilipokuwa mdogo, tukipita kando ya shamba la mzungu aliyechukua ardhi ya babu. Thabai hupenda majivu na samadi. Inapoota yenyewe kwa wingi, chini yake watu waliwahi kupika na kufunga ng'ombe. Mama alikuwa akinionyesha kwa mbali, bila kunyoosha kidole, asionekane: pale palikuwa kwa nyanya yako. Morag alisema kwao pia wazee husema hivyo, tukatazamana, tukacheka kama wendawazimu wawili na Mzee yuko juu yetu.

Tulimkalisha kwenye jiwe. Msingi ulikuwa mdogo, chumba kimoja, si mkubwa kuliko gereji ya Katy.

"Mawe tu," alisema.

Siku mbili hakunizungumzisha isipokuwa ndiyo na hapana. Alikula kidogo, akageukia ukuta. Nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda chake hotelini nikijiuliza kama nimemuua. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakuna kozi inayoifundisha, kukaa na mtu uliyemuumiza kwa ukweli na usijitetee.

Tukiwa ndani ya ndege kurudi Houston, taa zimepunguzwa, aligeuka akaniangalia.

"Ulijuaje yale majani?" aliuliza. "Na nyinyi mlifukuzwa?"

Nilikuwa nimemwosha, nimemlisha, nimemkata kucha kwa zaidi ya mwaka, na hakuwahi kuniuliza natoka kwa watu gani. Nikamwambia. Nikamwambia jinsi nyanya yangu, tuliyemwita cucu, alivyotoka siku ile na kiondo mgongoni, ukanda wake umepita kwenye paji la uso, na ndani ya kiondo kuku mmoja aliyemfunga mdomo kwa kitambaa asije akapiga kelele wakapekuliwa. Kuku huyo ndiye aliyeanzisha kuku wote tuliowala utotoni. Mzee alitaka kujua rangi yake. Nikasema mweusi mwenye madoa. Aliniuliza maswali hadi tukatua.

Mhandisi alikasirika, na alikuwa na haki. "Nilikutuma umpeleke nyumbani," aliniambia jikoni, "umemrudisha hana nyumba." Lakini hakunifukuza, kwa sababu baba yake alikataa mtu mwingine. Miezi iliyofuata, kila jioni nilipokuwa nikiandaa dawa, nilimsikia Mzee sebuleni akimsimulia mjukuu wake habari za bonde, moto na bahari. Awali msichana alikuwa akijibu maswali ya babu yake bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Siku hizo aliiweka chini.

Alifariki mwanzoni mwa 2020, kitandani kwake, nimeshika mkono wake. Mazishi yalifanyika kabla dunia haijafungwa. Njeri aliniendesha kutoka Cedar Hill, saa zote zile barabarani, na akakaa nami kwenye benchi la nyuma. Mjukuu alisimama mbele, karatasi mkononi, akasema babu yake alimwachia hadithi ya ukoo wao. Akasimulia jinsi nyanya yao wa kwanza alivyofukuzwa katika bonde la Uskoti, akashuka kilimani amebeba kikapu mgongoni, ukanda wake kwenye paji la uso, na ndani kuku mweusi mwenye madoa, amefungwa mdomo kwa kitambaa asipige kelele.

Njeri alinipiga kiwiko. "Mum, hiyo si ni story ya cucu wako? Uta-correct ama?"

Kanisa zima lilikuwa likilia. Mhandisi alikuwa amefunika uso kwa mikono. Na mimi niliyempeleka mgonjwa juu ya mlima asidanganywe nilishika mkono wa binti yangu nikamwambia anyamaze. Sikurudi kazini tena baada ya siku ile. Nyanya yangu hakuwahi kupanda ndege wala kuvuka bahari, na sasa ana wajukuu Texas wasiojua jina lake, lakini wanamjua kuku wake vizuri sana.