Sauti Iliyotiwa Kinywani mwa Bi Nisamehe

Jambo la kwanza nililoliona kwake ni kwamba hakubali kutazamwa upande wa kulia. Nilipoingia sebuleni nilivuta kiti kilichokuwa karibu na mlango. Akanizuia kwa kidole na kunionyesha kigoda kilichobanwa kati ya kabati la vyombo na cherehani ya mdogo wake.

"Kaa pale. Huku ndiko kwenye shavu la kushoto. La kulia ni la kutafunia tu."

Nikakaa, magoti yakigusa gurudumu la cherehani. Mazungumzo yote nilimwona nusu, kama sura kwenye sarafu. Mdogo wake, mama mnene anayeshona sare za shule, alicheka bila kuinua macho.

"Mzoee tu, mwanangu. Hata daktari wa meno alimwambia akae upande ule."

Kituo cha televisheni kilikuwa kimenituma nikaandike habari za maisha yake kwa ufupi, ukurasa mmoja, picha moja. Nilikuwa nimemaliza chuo karibuni na niliamini kwamba ukurasa mmoja ungetosha maisha ya mtu yeyote.

Mtaani wanamwita Bi Nisamehe. Muuza magazeti anamwita hivyo, mwenye duka la dawa anamwita hivyo, na watoto ambao hawajawahi kuiona filamu yenyewe wanamwita hivyo wakiwa mbali kidogo. Katika filamu hiyo, aliyoicheza akiwa msichana, mume mlevi na mhuni anarudi nyumbani baada ya kutapanya kila kitu. Mke anasimama juu ya ngazi, anamtazama, kisha anasema: "Nisamehe, bwana wangu. Kosa ni langu." Ukumbi mzima ulikuwa ukilia hapo. Wanaume ndio waliolia zaidi, na si ajabu: ni nani asiyependa kuombwa radhi kwa makosa yake mwenyewe?

"Na mimi sikuisema sentensi hiyo," aliniambia. "Andika hivyo kwanza. Mengine yatafuata."

Alianza maisha akipokea simu katika ofisi ya bima. Alikuwa na sauti nzito, na wateja walimwita kaka. Siku moja mwongozaji wa filamu alifika kudai fidia ya gari lake lililoungua, akamwona nyuma ya dirisha la kioo, akasahau gari. Hakuwa amemsikia akizungumza. Angemsikia, pengine angeendelea kudai fidia.

Kamera ya filamu hiyo ilinguruma kama mashine ya kusaga, kwa hiyo hakuna sauti iliyorekodiwa wakati wa kupiga picha. Waigizaji waliambiwa kwamba watatia sauti zao baadaye, studioni. Basi wengi hawakujisumbua kukariri. Aliyecheza mume, mtu mwenye nywele nzuri na kichwa kitupu, alikuwa akihesabu tu namba huku amekunja uso.

"Alinitongoza kwa hesabu," alisema. "Saba, nane, tisa, anapiga magoti. Kumi, ananibusu. Mimi peke yangu nilikariri kila neno kama mjinga."

Siku ya kutia sauti ilipofika alivaa vizuri, akaenda studioni, akamkuta mke wa mwongozaji amekwishakaa mbele ya kipaza sauti. Mwongozaji alimweleza kwa upole wote wa mtu mwoga: "Dada, uso ni wako, hakuna anayekunyang'anya. Ila kwa sauti hiyo watu watadhani jamaa ameoa askari." Akapewa soda, akaonyeshwa benchi. Siku ya uzinduzi aliketi gizani akasikia sauti nyembamba kama ya birika linalochemka ikitoka kinywani mwake.

Televisheni ilipokuja mambo yaligeuka, au tuseme yaligeuka nusu. Huko sauti ilirekodiwa palepale, kwa hiyo walilazimika kumchukua pamoja na koo lake. Wakampa nafasi zilizolingana na koo hilo: mama mkwe, mkuu wa gereza la wanawake, mwenye nyumba asiye na huruma.

"Nimefukuza wapangaji wengi kuliko mwenye nyumba yeyote wa mji huu," alisema. "Na walikuwa wanaogopa kweli, maskini. Mmoja alihama mtaa."

Ningependa kumweleza msomaji jinsi alivyoigiza, lakini siwezi, na hakuna anayeweza. Kituo kilikuwa na uhaba wa kanda, na wakubwa waliona ni busara kurekodi kipindi kipya juu ya cha zamani. Tamthilia yake bora kuliko zote, ile ya mama mkwe, imelala chini ya mechi ya kirafiki iliyoisha bila bao. Kituo hichohicho sasa kinajiita hazina ya kumbukumbu zetu. Kilipoamua kutafuta sura mpya kilimuaga kwa hafla ya chai na cheti kilichomtaja kuwa mwimbaji.

Hivi karibuni mafundi waliokuwa wakibomoa jumba la zamani la sinema, ili pawe ghala la marumaru, walikuta makopo ya filamu yake. Picha ilikuwa safi. Sauti, iliyokuwa kwenye mkanda wa peke yake, ilikuwa imegandana kama tambi zilizosahauliwa sufuriani. Kituo kikaamua kuionyesha upya ukumbini, kwa tiketi na shamrashamra, na mkuu wa vipindi akachagua nyota chipukizi wa tamthilia amtilie sauti Bi Nisamehe. Bi Nisamehe mwenyewe hakuulizwa. Habari aliipata kwangu, kwa kuwa nilidhani anaijua na nikampongeza.

Akamgeukia mdogo wake, "Nitolee viatu vya kutokea. Kesho tunakwenda kazini."

"Dada, ulishastaafu."

"Nilistaafu kufukuza wapangaji. Kuzungumza sijastaafu."

Mkuu wa vipindi alitupokea studioni kwa tabasamu la mtu anayetaka wageni waondoke. Ni kijana mwenye maneno mengi na saa kubwa.

"Mama, heshima yako iko palepale. Lakini fikiria mwenyewe, sauti ya bibi kwenye mwili wa binti. Watu watacheka."

"Walilia kwa sauti ya mke wa mtu kwenye mwili wa binti. Yangu ndiyo itakayowachekesha?"

Nyota chipukizi, binti mdogo, alikuwa amekwishavaa hedifoni. Alimwamkia vizuri, nisimsingizie. Akaanza kazi, na fundi sauti, mzee mpole asiyependa ugomvi, akawa anaendesha picha mbele na nyuma. Maneno yalikuwa yameandikwa upya ofisini na watu ambao ni dhahiri hawakuitazama filamu. Binti alimaliza kusema huku mdomo wa kwenye picha ukiendelea, au mdomo ulifungwa naye akiwa katikati ya kiapo cha mapenzi. Mkuu wa vipindi akasema itarekebishwa. Wakafika kwenye ngazi.

"Nisamehe, bwana wangu," alisema binti kwa sauti tamu. "Kosa ni langu."

Fundi sauti akakunja uso. "Haikai."

"Isogeze," akaamuru mkuu.

Akaisogeza mbele, akairudisha nyuma. Haikukaa. Bi Nisamehe akaanza kucheka taratibu.

"Mwanangu, hebu sema nisamehe bila kugusanisha midomo."

Binti akajaribu. Ikatoka sauti ya mtu anayetibiwa jino. Hata yeye mwenyewe akacheka.

"Haya. Sasa mtazame yule pale juu. Midomo yake inagusana wapi?"

Haikugusana popote. Fundi alirudia, tukasogea wote hadi pua zikakaribia kioo. Watu walikuwa wameitazama sura ile miaka nenda miaka rudi, wakalia, wakampa na jina, na hakuna aliyewahi kuona kwamba mdomo ulikuwa ukisema kitu kingine.

"Niliandikiwa niombe radhi," alisema. "Nikajiambia, kamera haisikii, mimi nitasema yangu, na studioni nitapigana nao. Kumbe studioni sikuwa na kiti."

"Sasa ulisema nini?" nikauliza.

Alikuwa amesahau. Mkuu wa vipindi akavuta pumzi ya ushindi. "Basi mama, kama hukumbuki—"

"Wewe ngoja. Fundi, nirudishie yule mtoto."

Akarudishiwa, tena na tena. Alimsogelea msichana yule wa kwenye picha kwa dharau aliyoitumia kwa sisi wengine wote. "Fungua kinywa wewe, unakula maneno. Mbona unatikisa kichwa kama mbuzi? Nani alikufundisha?" Alimwigiza mdomo kimyakimya, akakosea, akaanza upya. Mdogo wake, aliyetufuata na karanga zake, alikuwa ameacha kutafuna. Kisha Bi Nisamehe akavaa hedifoni, akasema kwa ile sauti yake ya mkuu wa gereza:

"Rudi ulikotoka. Sijakuita."

Ikakaa. Ilikaa kama kifuniko kwenye sufuria yake, na msichana juu ya ngazi ghafla akawa mtu mwingine, au niseme akawa yeye.

Mkuu wa vipindi aliona hivyo hivyo tulivyoona, na ndiyo sababu simheshimu. Alikohoa, akasema kadi za mwaliko zimekwishachapwa na neno Nisamehe, kwamba wazee wanakuja kusikia sentensi yao. Kisha akatoa bei yake: Bi Nisamehe atie sauti yake filamu nzima, mwanzo hadi mwisho, mradi pale kwenye ngazi aombe radhi.

"Sentensi moja tu, mama. Mengine yote tunakuachia."

Hicho ndicho kitu alichokitaka Bi Nisamehe tangu siku ya soda na benchi.

"Mengine nitakupa," alisema. "Hiyo nimekwishaisema, na umeisikia."

Alitia sauti filamu nzima, akikataa chai. Lakini binti naye alirekodi "nisamehe" yake, kwa amri, na fundi akaziweka zote mbili. Mkuu wa vipindi amesema ataamua mwenyewe ipi ibandikwe kwenye ngazi. Leo nilimvizia fundi kwenye korido. Akatikisa kichwa: mkuu ameuchukua mkanda, hajasema lolote.

Muuza magazeti amekwishanunua tiketi, na amemwahidi Bi Nisamehe kwamba anakwenda kulia.

"Nenda kalie," akamjibu. "Ila kaa karibu na mlango."

Milango inafunguliwa kesho jioni. Nimewekewa kiti safu ya mbele, na tangu asubuhi sijaweza kutulia mahali pamoja.