Chupa Kumi na Mbili za Maureen

Mwende hakuwa mtu wa matembezi. Miaka kumi na tisa Barking, London, kazi yake kuosha na kulisha wazee wa watu, na likizo kwake ilikuwa kulala. Sasa mwone: Septemba, gari la kukodi, flaski ya chai, chapati ndani ya foili, na kwenye kiti cha pembeni, imefungiwa mkanda kama abiria, chupa tupu ya kijani. Siku nne alikuwa azunguke mashamba ya mizabibu ya Kent na Sussex. Yeye, aliyeokoka tangu kidato cha pili na hajui hata harufu ya bia!

Miezi saba nyuma, binti yake Maureen alimletea katoni ya chupa kumi na mbili, akaomba zikae kwake hadi Jumamosi, siku ya sherehe ya uchumba wake. Ulikuwa mvinyo wa kwanza alioutengeneza kwa mikono yake, baada ya kuacha kazi ya ofisi kule Croydon akaenda kujifunza kilimo cha zabibu. Kanisani Mwende alilieleza jambo hilo kwa maneno mawili: "Analima matunda."

Basi Alhamisi ikawa zamu yake kupokea ibada ya nyumbani. Mchungaji Njenga yuko njiani, katoni iko sebuleni, na nyumba yenyewe haina pa kuficha hata ufagio. Mwende akaingiwa na kiwewe. Laiti zingekuwa na vizibo, maana kizibuo hakuwa nacho; lakini vifuniko vilikuwa vya kuzungusha. Akazimwaga zote kwenye sinki, akafungua dirisha harufu itoke. Kumi na moja akazitupa. Moja akaiosha, akatia mafuta ya kupikia, kwani chupa nzuri haitupwi.

Maureen alipoikuta jikoni hakupiga kelele. Alisema kwa Kiingereza, lugha aliyomjibu mama yake tangu utotoni, kwamba hana la kusema. Na kweli hakusema tena. Sherehe ilifanyika, Mwende akaiona kwenye simu ya mtu. Majuto ni mjukuu. Na mjukuu huyu alihamia kwake kabisa, akawa analala kitanda kimoja naye.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba hakujua hata jina la shamba. Hakuwahi kuuliza, na lebo ilikuwa na ndege mdogo tu, amechorwa kwa kalamu. Alitaka alipate shamba hilo, ili akiomba msamaha ajue anaomba msamaha wa nini.

Akavuka mto pale Dartford, akaendesha aste aste, malori yakimpigia honi. Kila shamba alilolifikia alitoa chupa yake na kuuliza, na kila shamba walitikisa kichwa kwa adabu na kumkaribisha aonje. Alikataa. Alikaa kwenye benchi akatazama mistari ya mizabibu ikishuka bondeni, na watu wawili wawili wakigonganisha glasi. Alikuwa mpweke, tusifichane. Akikata chapati aliikata nusu kwa nusu, mazoea ya mama, halafu akazila nusu zote mbili. Jioni, kwenye chumba cha kupanga, alimtumia Maureen picha: mzabibu, geti, kondoo. Tiki mbili zilikuwa za bluu. Jibu hakuna. Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu hivyo hivyo.

Siku ya nne, saa sita mchana, mzee mmoja mwenye kofia ya majani aliipokea chupa, akaigeuza, akacheka.

"Huyu ndege ni wa Maureen," alisema. "Sasa yuko shamba jingine, mwendo wa saa moja kutoka hapa. Wewe ni mama yake?"

Mwende aliitikia kwa kichwa.

"Alituambia chupa moja ni ya mama. Alisema hanywi, lakini ataiweka kabatini."

Maskini, aliiweka. Na mafuta ya kukaangia ndani yake.

Mzee alikuwa amejiwekea moja ya ukumbusho. Akaileta, akamwambia aichukue, ampelekee binti. Mwende aliishika kwa mikono miwili. Kuirudisha moja badala ya kumi na mbili, ili iweje?

"Nifungulie," alisema. "Nilizimwaga bila kujua ladha yake."

Akamiminiwa. Akanywa yote kama mtu anayekunywa dawa, machozi yakimtoka, kisha akatoa simu na kurekodi: "Maureen, mwanangu. Niko pale ulipotengeneza mvinyo wako. Nimekunywa glasi nzima. Ni mchachu, mama, halafu baadaye una utamu kidogo, kama tufaha. Nilikukosea. Nisamehe."

Tiki mbili. Bluu. Akaketi kwenye benchi, amezoea sasa. Chai ya flaski ilikuwa imepoa.

Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Maureen, kwa Kiswahili, kila neno likitafutwa mahali lilipokuwa limewekwa.

"Mama. Umekunywa? Usiendeshe gari. Kaa hapo. Mimi nakuja."

Mwende alifungua foili. Ilibaki chapati moja, ngumu sasa. Akaikata nusu kwa nusu, akala ya kwake, akaifunga ile nyingine.