Kiti Kilichopakwa Mawese

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu hapa Rumonge wana ziwa, wana soko, wana mpira. Mimi nina kibaraza. Shule nilifika hadi sekondari, na huko hakuna aliyenifundisha kushika msumeno, wala mimi sikuuliza. Kwa hiyo siku niliyotangaza kwamba nitamtengenezea mama kiti kwa mikono yangu, mke wangu aliacha kupepeta mchele.

"Mikono gani?" akauliza. "Hii hii yenye iko inashindwa kutengeneza mulango?"

Lakini sababu nilikuwa nayo. Mama alikuwa ameacha kukaa uani. Mikungu ya michikichi ikishushwa, wanawake wa jirani huja kwetu kuchambua chikichi, wakakaa kwenye mikeka, na mama ndiye aliyekuwa akiendesha mazungumzo: nani kaposa, nani kakataliwa, nani kapika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, zikabaki na mchanga. Magoti yalipomharibikia, akikaa chini ilibidi watu wawili wamwinue, mmoja kila kwapa. Siku moja wakiwa wamemshika hivyo akasema, "Mimi si gunia la muhogo," akaingia ndani. Hakutoka tena kukaa nao. Viti vya plastiki tulijaribu; akivikandamiza vinapanua miguu, naye anaviogopa kama mbwa mgeni.

Nilitaka kitu kimoja tu: akae nje, na akitaka kuinuka, ainuke mwenyewe.

Kipimo nilikipata kwa bahati. Nilimwona amekaa juu ya bidoni ya mawese, ile ya lita ishirini, kisha akashika ukuta na kusimama bila kumwita mtu. Nikaibeba bidoni ile mabegani hadi kwa seremala, jirani yetu.

"Jirani, unaniletea mafuta?"

"Hapana. Hiki ni kipimo cha kiti."

Alicheka hadi akashika meza yake ya kazi. Alipomaliza kucheka alinichagulia mbao za mkalitusi, akaniazima msumeno na nyundo, akanionya: "Usipige musumari ku mwisho wa ubao. Utapasuka. Toboa kwanza."

Niliitikia kwa kichwa, kisomi kabisa. Ubao wa kwanza ukapasuka.

Nilipasua na wa pili, ili niwe na hakika. Baada ya hapo nikaanza kutoboa. Na hapo ndipo kazi ile ilipoanza kunishika. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kiti hakianguki. Sasa kila meza niliyokutana nayo niliitazama kwa heshima. Hata kanisani niliinama kuchungulia chini ya benchi, kuona miguu imeungwaje, mke wangu akanivuta shati. Kukata ubao ukaenda sawa na mstari ni jambo kubwa jamani. Wanaoliweza wanapita barabarani kama watu wa kawaida, na sisi tunawaacha wapite tu.

Kiti kikasimama. Kikawa na mgongo, na mikono mipana ya mama kujikandamizia. Seremala alisema nikipake vanishi. Mimi nikawaza: vanishi ya nini, na mawese tunayo? Mawese yanang'arisha ngozi, yanang'arisha maharage, yatashindwa na mkalitusi? Nikapaka, nikarudia. Kikawa chekundu kama kiti cha mtemi.

Siku ya kuchambua ilipofika, mama alitoka amevaa kitenge chake cheupe chenye maua. Akakizunguka kiti, akakaa polepole, akaegemea.

"Hakilii," akasema, na kwangu hiyo ilikuwa shahada.

Alikaa, akaongea, akawagombeza watu kwa raha zake. Kisha akataka kuinuka. Wanawake wote wakaanza kutazama chikichi zao kwa bidii ya ajabu. Mama akashika mikono ya kiti, akajisukuma, viganja vikateleza, akarudi chini kwa kishindo. Akajaribu tena. Vikateleza tena. Mke wangu akainuka kumfuata.

"Kaa," mama akamwambia. Akanusa kiganja chake. Akanigeukia.

"Mwanangu, hiki kiti umekijenga au umekikaanga?"

Uani kulipasuka kwa kicheko. Mimi nilitafuta pa kuangalia, nikapakosa. Ila mama hakucheka, na macho yake hayakuwa kwangu tena, yalikuwa jikoni.

"Niletee majivu."

Nikayaleta kwenye mfuniko wa sufuria. Akayasugua viganjani, akaisugua mikono ya kiti kama mtu anayesugua chungu cha jana, bila haraka, huku watu wote wakimngoja. Akashika. Akajisukuma, mbao zikaguna kidogo.

Akasimama.

Jirani mmoja akapiga kelele: "Eh, mama! Umebeba kiti ku kitenge!" Kweli, nyuma mbao zote zilikuwa zimejichora, moja moja, rangi ya mawese.

"Nimebeba ndiyo," mama akamjibu, "lakini sikubebwa."

Akakaa tena, makusudi. Akainuka tena. Nimewaona watu wengi wakisimama maishani mwangu, wengine hata wakipigiwa makofi. Sijaona aliyesimama vile. Kisha akakaa mara nyingine, akauvuta mkungu karibu na miguu yake, akaanza kumweleza jirani yule kwamba anachambua vibaya.